Mama ana miaka 63: ataweza kupanda Pendle, kilima cha George Fox?

Swali: "Habari yako, mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, nyumbani ni Vihiga. Mama anakuja kunitembelea kuanzia katikati ya Septemba mpaka mwisho wa Novemba. Ana miaka 63. Goti la kulia humsumbua akishuka ngazi, ila shamba bado analilima mwenyewe. Amelelewa na kuzeekea katika Kanisa la Marafiki (Quaker), na kitu kimoja tu ameniomba: apande Pendle, kile kilima alichopanda George Fox, mwanzilishi wa Marafiki. Mimi nimekiona kutoka barabarani, ni nyasi tupu, hakionekani kuwa na shida. Lakini mwenzangu kazini ananiambia ni mlima wa wachawi na watu hupotea huko juu. Je, mama ataweza? Tupite wapi, twende lini, avae nini?"

Jibu: Mama ataweza, dada. Nalisema mapema ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia. Wasiwasi wangu hauko kwa mama. Uko kwenye maneno yako mawili, "nyasi tupu", na nitayarudia.

Tuanze na vipimo. Pendle ina mita 557 kutoka usawa wa bahari. Waingereza wengi hawakiiti mlima kitu kisichofika futi 2,000, yaani mita 610 hivi, kwa hiyo kwao Pendle imebaki kuwa kilima. Imekuwa kilima mara tatu, kwa kweli. Wenyeji wa kale waliiita pen, neno lao la kilima. Wakaja Waanglo-Saxon wasiolijua neno hilo wakaongeza hyll yao. Karne zikapita, maneno yakagandana, watu wakasahau yote mawili na kuongeza Hill. Ukisema Pendle Hill umesema Kilima Kilima Kilima.

Sasa linganisha na kwenu. Vihiga iko kwenye mita 1,500 hivi, na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Mama amelala maisha yake yote karibu mara tatu juu ya kilele anachokuja kukipanda. Na hapa kuna kisa ambacho watu wa Burnley wanapaswa kukijua zaidi ya mtu yeyote. Tarehe 27 Aprili 1661, Richard Towneley, ambaye nyumba ya ukoo wake bado imesimama hapo mjini kwenu, na daktari Henry Power walipanda Pendle wakiwa na bomba la kioo lenye zebaki. Kadiri walivyopanda, zebaki ilishuka, na hewa waliyoifungia ndani ya bomba ikatanuka. Vipimo vyao vilimfikia Robert Boyle na kumsaidia kuandika ile kanuni ya hewa tuliyokaririshwa sekondari. Ukipiga hesabu kwa njia ya leo, kilele cha Pendle kina hewa pungufu ya ile ya pwani kwa asilimia 6 hivi. Kwenu ni pungufu kwa asilimia 16 au 17. Mama akifika juu ya Pendle atakuwa na hewa nyingi kuliko aliyonayo jikoni kwake. Mapafu, basi, tuyaondoe kwenye orodha ya hofu. Akihema, atahema kwa ajili ya mwinuko, na dawa ya hilo ni kupunguza mwendo. Kipimo ninachowapa kina mama wote ninaotembea nao ni wimbo: kama huwezi kuimba ubeti mzima bila kukatika, unakwenda mbio.

Turudi kwenye nyasi tupu.

Mtu akiona jabali huogopa, na akiogopa huangalia anapokanyaga. Akiona nyasi hulegea. Nyasi za vilima vya kaskazini mwa Uingereza si ukoka wa uwanja wa kanisa. Ni ndefu, ngumu, zinaota kwa mafungu, na katikati ya fungu na fungu kuna shimo la maji usiloliona mpaka mguu umezama. Siku nyingi za mwaka zimelowa. Kwenye mteremko mkali nyasi zilizolowa ni sabuni, na aliyevaa suruali ya mvua ya nailoni akianguka huteleza mbali kabla ya kupata cha kushika, kwa sababu hakuna cha kushika: hakuna mti, hakuna kichaka. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza mfuate njia iliyotengenezwa, hata pale mtakapoona watu wengine wanakata moja kwa moja kwenye majani kama mbuzi.

Pili, nyasi hazina alama, na hapa mwenzako wa kazini yuko sahihi: watu hupotea kweli. Kutoka Barley, kijiji kilicho chini yake, Pendle inaonekana kama ukuta mmoja mkubwa wa kijani, na mgeni hudhani kazi yote iko kwenye ule ukuta. Ule ukuta hauna neno. Ukishuka tu umeelekea nyumbani. Kazi iko juu, kwa sababu Pendle haina ncha. Juu ni uwanda mpana, nyasi na udongo mweusi wa mimea iliyoozea majini kwa maelfu ya miaka, unaonyonya maji kama sponji. Wingu likishuka, na hushuka ndani ya dakika chache, kila upande unafanana na mwenzake.

Oktoba moja niliwapeleka rafiki zangu wanne huko. Nilikuwa na cheti cha kuongoza watu kwenye vilima vya aina hii, na dira nzuri kabisa, ila dira ilikuwa chini kabisa ya mkoba na mvua ilikuwa inanyesha, nikaona uvivu kuufungua. Njia si ninaijua? Tulitembea kama dakika 25 ndani ya ukungu tukipiga soga. Kisha mmoja wetu akasimama na kuuliza, "Hii buti si yako?" Kwenye tope jeusi mbele yetu kulikuwa na nyayo za watu watano, na pembeni tundu dogo la fimbo yangu. Tulikuwa tumezunguka mduara na kurudi tulikotoka. Sikusema kitu. Nilifungua mkoba.

Kwa hiyo njia yenu ni hii. Mnaanzia kijijini Barley, mnapanda taratibu kupitia mashamba mpaka shamba liitwalo Pendle House, lililo chini kabisa ya ule ukuta wa kijani. Hapo ndipo mwinuko unapoanza kwa dhati. Kuna ngazi za mawe zilizopangwa kukatisha mteremko, ndefu na zisizolingana, moja fupi moja ndefu. Mama apande kwa upande wa goti zima: mguu wa kushoto mbele, wa kulia unaufuata. Asione haya kupumzika kila baada ya ngazi 20; kila anayepita hapo anapumzika, wengine hujifanya wanapiga picha. Juu ya ngazi kuna ukuta wa mawe makavu. Mkiufikia, geukeni kushoto na kuufuata ukingo wa kilima. Njia imekanyagwa sana, haifichiki, na itawafikisha kwenye nguzo nyeupe ya wapima ramani. Hicho ndicho kilele.

Kutoka hapo mna njia mbili za kurudi, na uamuzi unategemea macho yenu. Hali ikiwa safi, mkiona mbali, endeleeni kusini-magharibi juu ya uwanda, mkashukie bonde la Ogden na kupita kando ya mabwawa mawili ya maji mpaka Barley. Ni mzunguko wa kilomita 8 hivi, mteremko wake ni wa upole, na kwa goti la mama ni afadhali mara kumi kuliko kushuka zile ngazi. Ila ukungu ukiwapo, au hata ukitishia, sahauni bonde la Ogden. Geukeni pale pale kwenye nguzo, rudini kwenye ukuta, mshuke ngazi zile zile pole pole, goti linung'unike. Goti linalouma nyumbani ni heri kuliko goti zima lililopotea juu ya uwanda. Na kama mkifika juu ya ngazi mkakuta hamuoni hata hatua 50 mbele, safari iishie ukutani. Mama amepanda Pendle, hakuna mtu atakayemdai nguzo.

Fimbo mbili, si moja. Zile za kisasa zinazorefuka na kufupika, mzirefushe kidogo wakati wa kushuka. Kama daktari wake ana la kusema juu ya goti, la daktari ndilo la kufuata. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukufundisha hilo.

Muda. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado tunaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 na mwinuko wa mita 330 hivi zinatoa saa 2 na dakika 10. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye nguvu asiyesimama, asiyekula, asiyesali. Ninyi wekeni saa 4, na saa ya tano iwe akiba.

Hapo ndipo siku ya kwenda inapokuwa na maana, na hapa mgeni kutoka kwetu hukosea kuliko jambo lolote. Sisi tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Huku katikati ya Septemba linazama kama saa moja na dakika 20 jioni, mnayo siku nzima. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa kumi na nusu. Mwisho wa Novemba ni saa kumi kasoro dakika 10 alasiri, wakati ambao kwenu watoto bado wako shule. Nendeni Septemba, wiki ya pili baada ya mama kuwasili, akiwa ameshazoea baridi kidogo. Msisubiri Novemba eti mpaka upate likizo ndefu. Chagueni siku mbili au tatu zinazowezekana, kisha mwangalie utabiri wa hali ya hewa usiku wa kuamkia kila moja. Angalieni upepo kabla ya mvua. Anzeni kutembea saa nne asubuhi, na mchukue tochi ya kichwani hata kama jua ni kali.

Kwa nini upepo? Kwa sababu joto lenyewe halibadiliki sana. Kutoka Barley mpaka juu linashuka kwa nyuzi 2 hivi, mama asingezitambua. Lakini mtu amepanda ngazi, nguo za ndani zimelowa jasho, anatokeza ukingoni, na upepo uliokuwa umezuiwa na kilima kizima unampiga kifuani. Dakika 10 zinatosha kumtia mtu mtetemo. Koti la mvua livaliwe kabla ya kutokeza juu, pale pale karibu na ukuta, si baada ya kusikia baridi.

Kuhusu mavazi, najua utaniuliza kama lazima avae suruali. Si lazima. Nimepanda na wazee wa kanisa waliovaa gauni na hakuna aliyekufa. Ila gauni liishie chini kidogo ya goti, maana refu hunyonya maji kwenye majani na kuwa zito kama gunia, na kwenye ngazi litamkwaza. Ndani avae suruali ya kubana ya sufu au ya nyuzi zinazokauka upesi, juu yake soksi ndefu. Pamba mwilini hapana, na jinzi hapana kabisa: zikilowa hazikauki, zinakaa zinanyonya joto. Buti ziwe na meno ya kutosha, na azivae nyumbani na barabarani wiki nzima kabla ya safari. Kofia ya sufu, glavu, na sweta moja ya ziada ambayo haitoki mkobani mpaka mtakapokaa kula. Leso aje nayo, ataikalia, atajifunika, atafungia chakula. Na chakula kiwe cha kwenu: chapati, mayai ya kuchemsha, nduma iliyobaki jana, chai ya maziwa kwenye chupa ya moto. Vile vipande vya shayiri vilivyogandishwa kwa sukari wanavyouza madukani kwa ajili ya wapanda milima sijawahi kuona mama wa Kiafrika akivimaliza.

Sasa wachawi. Mwaka 1612 watu 10 walinyongwa Lancaster kwa kesi za uchawi, wengi wao wakitokea vijiji vinavyoizunguka Pendle. Walikuwa kina nani? Wengi walikuwa watu maskini, baadhi ajuza ombaomba, familia mbili zilizokuwa na ugomvi. Shahidi mkubwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, Jennet Device, na ushahidi wake uliwapeleka kwenye kitanzi mama yake mzazi na kaka yake; dada yake alikiri mwenyewe, naye akanyongwa. Mama akisikia kisa hiki hatahitaji kufafanuliwa. Ameshaona bibi kizee akinyooshewa kidole kijijini kwa sababu ng'ombe wa jirani amekufa. Leo wamebaki kuwa biashara: vibandiko, bia, vibao vya njia vyenye mwanamke juu ya ufagio. Kilimani kwenyewe hakuna kitu. Ila msiende tarehe 31 Oktoba, maana usiku huo watu hujazana huko na barabara za Barley hazipitiki.

Hakuna lango, hakuna tiketi, hakuna askari wa hifadhi wala sheria ya kuajiri mpagazi kama Kilimanjaro. Njia za miguu ni haki ya umma, na sehemu kubwa ya vilima vya wazi inaruhusiwa kutembelewa kwa sheria ya mwaka 2000, ingawa ardhi ina wenyewe na kondoo wana wenyewe. Geti mlilolikuta limefungwa mlifunge, mlilolikuta wazi mliache wazi. Mtu akiumia, pigeni 999, ombeni polisi, kisha mwambieni polisi mnataka waokoaji wa milimani. Watakaokuja ni watu wa kujitolea wa timu ya Rossendale na Pendle, hawadai hata senti, kwa hiyo msichelewe kuita kwa kuogopa bili. Simu yako iandikishe leo ili iweze kutuma ujumbe wa dharura: tuma neno register kwenda 999, fuata maelekezo. Mtandao ukiwa dhaifu ujumbe unaweza kupita pale sauti imeshindwa. Filimbi nayo: mipulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Najua kilichomleta mama si ngazi wala filimbi. Fox alifika hapo mwaka 1652 akiwa kijana wa miaka 27, akizunguka nchi bila kanisa wala mshahara. Aliandika mwenyewe kwamba alisukumwa na Bwana kupanda, na kwamba alipanda kwa taabu kwa sababu kilima kilikuwa kikali na kirefu. Mwambie mama hilo akiwa katikati ya ngazi. Juu aliiona bahari inayopakana na Lancashire, na akaonyeshwa mahali ambapo watu wengi wangekusanywa. Siku safi mtaiona bahari hiyo hiyo upande wa magharibi, pamoja na mnara wa Blackpool, mwembamba kama sindano. Kwamba miaka 250 baadaye Wamarekani watatu wangeifikisha imani hiyo Kaimosi, mwaka 1902, na kwamba leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, Fox hakuandika. Mpeni mama dakika zake za kimya hapo kwenye nguzo. Kama upepo ni mkali, shukeni hatua chache upande usiopigwa, mkae juu ya leso.

Ataulizia chemchemi. Fox aliandika kwamba wakati wa kushuka alikuta maji ubavuni mwa kilima akanywa, maana alikuwa hajala wala kunywa vya kutosha kwa siku kadhaa. Chemchemi inayohusishwa naye iko upande wa kaskazini, nje ya njia niliyowapa, kwenye mteremko wa nyasi wenye mafungu. Kwa goti hilo nisingempeleka. Mkienda siku kavu na mkaona lazima, anawe uso tu. Kondoo wanakunywa na kujisaidia kote huko, kwa hiyo cha kunywa kiwe chai.

Na kama Septemba yote itapita kwenye ukungu, kama inavyotokea, msilazimishe. Mpeleke Firbank, karibu na Sedbergh, zaidi ya saa moja kwa gari kuelekea kaskazini. Ni huko Fox alikokwenda baada ya Pendle, na mwezi Juni mwaka huo huo alisimama kwenye jabali akahubiria watu zaidi ya 1,000, kwa hesabu yake mwenyewe. Jabali lipo, kando kabisa ya barabara nyembamba, na kutoka kwenye gari ni hatua chache ambazo goti halitazihisi. Mkitoka hapo kuna Brigflatts, jumba la ibada la Marafiki la mwaka 1675 ambalo bado linatumika. Jumapili wanakaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna ngoma, hakuna kwaya, hakuna mchungaji. Mwandae mama mapema kwa hilo, asije akadhani wamenuna.